Mbege ya Kikao cha Kunifukuza

Mbege ya kikao cha kunifukuza niliipika mimi mwenyewe. Ndiyo, mmesikia vizuri. Kornel, mume wangu wa miaka ishirini na sita, alisimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi, akaniambia, "Mama Violet, tarehe ishirini na saba ukoo unakutana hapa nyumbani. Pika pipa moja."

Nikamuuliza, "Kikao cha nini?"

Akaangalia ng'ombe. Akasema, "Mambo ya familia tu." Kisha akaondoka, akaniacha na ndizi zangu za pombe.

Aliyenipa ukweli ni shemeji yangu Denis, mdogo wake Kornel. Denis siri haikai kifuani mwake hata nusu saa. Alikuja kuazima shoka, akajizungusha zungusha, mwisho akatema. "Shemeji, usije ukasema sikukuambia. Anayejadiliwa ni wewe. Kaka anasema una mtu mjini. Wakubwa wakikubali, unarudishwa kwenu Uru."

"Narudishwa?" nikamuuliza. "Kama sufuria iliyotoboka?"

"Mimi simo, shemeji."

Nilikuwa na kisu cha kumenyea. Nilikiweka chini kwanza, ndipo nikamfukuza jikoni kwangu, na shoka sikumpa. Halafu nikakaa juu ya gogo nikamenya ndizi kwa hasira mpaka nikazikata na nyama zake.

Nina miaka arobaini na tisa. Nilizaliwa Uru, nikabatizwa Mektrida, nikaolewa huku Kibosho na nikaitwa Mama Violet tangu binti yangu azaliwe. Kihamba hiki mnachokiona, kahawa yake, migomba yake, ng'ombe wawili wa ndani ambao majani yao nayafuata mabondeni na kuyabeba kichwani, nimekihudumia mimi kuliko mtu yeyote aliye hai. Kornel ni seremala. Asubuhi anashuka Shirimatunda kwenye nyumba za watu zinazojengwa, jioni anapanda. Sisemi ni mvivu. Nasema tu kwamba kihamba kinanijua mimi.

Na mbege yangu, pombe hii ya ndizi na ulezi, inajulikana toka Umbwe mpaka Singa. Harusi, ubatizo, msiba, watu wanakuja kuniita. Huku kwetu kuna ustaarabu mmoja wa zamani: mpikaji ndiye anaonja wa kwanza. Awepo padre, awepo mwenyekiti, kata ya kwanza inayochotwa ni ya aliyepika. Anaonja watu wakimwona, wajue hajatia kitu, ndipo wengine wanywe. Nisipoonja mimi, pipa linakaa pale pale na midomo yao inakauka.

Sasa niwaambie ilivyoanza, kwa sababu ilianzia hapo hapo kwenye moto.

Ilikuwa Julai ya mwaka juzi. Nilikuwa nakoroga mso, ule uji wa ulezi tunaochanganya na ndizi zilizolala siku tatu. Ghafla joto likapanda kutoka kifuani, likapita shingoni, likafika masikioni, na jasho likanimwagika mpaka kitenge kikanata mgongoni. Nikadhani ni moto. Nikatoka nje. Julai ya Kibosho mnaijua, ukungu umeshuka mpaka juu ya bati, watu wamevaa masweta mawili mawili, na mimi nimesimama uani najipepea kwa mfuniko wa sufuria! Dakika chache likaisha, nikabaki natetemeka kwa baridi. Kesho yake likarudi. Keshokutwa mara nne. Usiku shuka nilikuwa naikamua.

Nikaenda zahanati. Ipi, sitaji, wenyewe wanajijua. Mhudumu akanisikiliza huku anachezea simu. "Homa inapanda inashuka, jasho, mwili unauma. Malaria hiyo, mama." Malaria, huku juu, Julai, mahali ambapo mbu mwenyewe angehitaji koti! Akanipima, kipimo kikasema hakuna. Akasema wadudu wamejificha, meza tu dozi. Nikameza. Mwezi uliofuata nikarudi, wakasema ni UTI. Nikameza. Nikarudi tena, wakasema taifodi, wakaniuliza kama nakunywa maji ya mfereji. Nikameza mpaka tumbo likageuka. Mara ya nne wakaniambia mama una mawazo, punguza mawazo.

Mara nne, jamani! Mwanamke wa miaka yangu analowa jasho kwenye ukungu, halali, moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa chake kuniuliza: mama, mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini? Swali moja. Halina hata gharama ya karatasi.

Basi nikamuuliza mama mkwe wangu, Bibi Dominika. Ana miaka themanini na moja, nyumba yake iko upande wa chini wa kihamba hiki hiki, na akili yake ni kali kuliko ya kwangu. Nilimkuta anachambua maharage.

"Mama," nikamwambia, "hili joto linaloniwaka ni kitu gani?"

Akaangalia mlangoni kwanza. "Umeacha kuona?"

"Mwanzo zilikuwa zinaruka ruka. Sasa ni miezi sijaona kitu."

"Basi nyamaza." Akainamia maharage yake. "Hayo hayasemwi. Mwanaume akijua umekauka, anatafuta mbichi. Nyamaza, yatapita."

Kumbe anajua! Nilitaka kumuuliza yanapita baada ya muda gani, yeye alifanyaje, kuna dawa au hakuna. Akakohoa, akaniambia nikamwangalizie kuku. Na mimi mjinga nikaenda kuangalia kuku, nikanyamaza. Kunyamaza huko sijajisamehe mpaka leo.

Mwili haukunyamaza. Nilianza kusahau. Mso wa sherehe ya mtu uliungua nikiwa nimesimama pembeni yake, nimeshika mwiko, sijui nawaza nini. Hasira nazo zikawa hazina breki. Kwenye sala za jumuiya siku moja nilimfokea mwenyekiti mpaka wimbo ukakatika katikati, wakasema Mama Violet ana pepo, wakaniwekea nia kwenye rozari. Kornel akirudi amechoka akapiga teke ndoo, huo ni uchovu. Mimi nikipaza sauti, hilo ni pepo. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!

Na kitandani nako nitasema, maana kunyamaza ndiko kumenifikisha kwenye pipa hili. Kila mume wangu aliponikaribia ilikuwa ni kuchubuliwa. Naumia mpaka nauma mto. Nikaanza kutafuta sababu: kichwa, mgongo, ng'ombe anataka kuzaa. Mwisho nikahamia chumba cha Violet, ambaye siku hizi anafanya kazi Arusha. Kornel alibisha hodi mara moja tu. "Mama Violet, nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Hujanikosea, kalale." Akaenda kulala. Hakuuliza tena, na mimi sikusema tena. Ikapita miezi minane hivyo, watu wawili tunapishana na sahani.

Aliyeniokoa ni binamu yangu Pamela. Pamela ni nesi, anakaa mtaa wa Soweto, mjini, na mume wake. Alinikuta soko la Mbuyuni nimekaa na mikungu yangu, na joto likanishukia pale pale mbele ya wateja. Akanitazama nikijifuta kwa kanga. Akachuchumaa.

"Dada Mektrida, hiyo imeanza lini?"

Nikamwambia.

"Na siku zako?"

Nikamwambia pia. Mwaka na miezi miwili sijaona hata tone. Pamela akaanza kucheka, na nusura nimpige kwa mkungu. "Huna malaria wewe," akasema. "Umekoma hedhi. Tena nyamaza hivyo hivyo uone utakavyoteseka. Jumanne unakuja, nakupeleka kwa daktari."

Jumanne nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, nikashuka. Daktari alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, hana haraka. Aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na mtu. Nalala? Nasahau? Naumia nikiwa na mume wangu? Hapo nikainamisha kichwa. Akasema, "Mama, hapa ndipo pa kusemea." Akanipima presha, akanipima matiti, akanipima mlango wa kizazi. Akauliza kama nimewahi kuwa na saratani ya titi, damu kuganda mguuni, ugonjwa wa ini, au kutokwa damu tangu hedhi ikome. Kisha akanieleza polepole. Mayai yakiisha mwilini, ile homoni ya kike inashuka, na mahali pa ubongo panapopima joto panachanganyikiwa. Ndiyo maana unawaka bila moto. Ndiyo maana usingizi unakimbia, na sehemu za siri zinakauka na kuuma.

"Kukoma hedhi si ugonjwa," akaniambia. "Lakini mateso yake yanatibika. Hakuna zawadi anayopewa mwanamke kwa kuvumilia."

Akaniandikia dawa za homoni. Akanionya kwamba si za kila mtu, ndiyo maana ameuliza yale maswali yote, na kwamba kwa kuwa kizazi changu kipo nitatumia homoni za aina mbili, siyo moja. Akanipa na krimu ya kupaka kwa ule ukavu. Nipunguze kahawa na pombe za jioni, nirudi baada ya miezi mitatu. Na nikiona damu tena, hata kidogo, nisikae nyumbani kusubiri.

Nikalia mle ndani. Pamela alidhani ni furaha. Furaha gani? Nilikuwa nakumbuka vile vidonge vya malaria! Nilikuwa nakumbuka shuka ninazokamua na mume wangu upande wa pili wa ukuta anakoroma. Kitu chenye jina, chenye daktari, chenye dawa, kimenitesa mwaka na zaidi kwa sababu kila mtu anaona aibu kukitaja.

Mwisho daktari akasema, "Safari ijayo njoo na baba. Na yeye aelezwe."

Jioni hiyo nikampakulia Kornel kiburu cha ndizi na maharage, nikakaa mbele yake. "Baba Violet, nilikuwa hospitali. Daktari anatuita wote wawili."

Hakuinua uso kutoka kwenye sahani. "Mimi siumwi."

"Siyo kuumwa. Anataka kukueleza hali yangu."

"Kliniki ya wanawake nikakae kwenye benchi na wajawazito? Nenda mwenyewe."

Haya. Nikaenda mwenyewe. Kila Jumanne nikiwa na safari nilioga, nikavaa, nikashuka. Dawa moja ilikuwa haipatikani maduka ya karibu, Pamela akawa ananiagizia, nami naipitia kwake Soweto. Na dawa zikafanya kazi, aisee! Siyo wiki ya kwanza, lakini mwezi wa pili nikaanza kulala. Joto likapungua likawa la kupita tu. Uso ukarudi, nikajikuta naimba nikikata majani. Na huko chumbani? Krimu ilinisaidia, nisiseme uongo. Ningeweza kurudi. Sikurudi, kwa sababu nilitaka aniulize. Neno moja tu la mume kwa mkewe: unaendeleaje? Na mimi nina kiburi changu.

Sasa hebu jiwekeni kwenye kichwa cha Kornel. Mke hataki kulala naye, lakini anaoga na kushuka mjini siku ambayo si ya soko, anarudi anang'aa na kuimba. Denis naye akaniona mara mbili Soweto naingia geti, na aliyefungua ni mwanaume. Lisemwalo lipo, akasema Denis. Siku nilipokuwa nateseka hakuna aliyeitisha kikao. Nilipopona, nikawa malaya.

Tarehe ishirini na tatu Desemba nikachemsha ndizi. Niliwaza kuweka vitu vyangu kwenye begi niende kwa Pamela, wakute pipa tupu. Halafu nikaangalia ile migomba. Mingine niliipanda nina mimba ya Violet. Nikasema hapana, nikiondoka wao watasema alikimbia. Nitapika, tena nitapika mbege ambayo hawajawahi kunywa, na watanitazama usoni.

Krismasi tukaenda misa, Kornel mbele, mimi nyuma. Tarehe ishirini na sita nikapika mso. Bibi Dominika akaja na mkongojo wake, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunisaidia kuchuja ndizi bila kuitwa. Tukachuja mpaka ndoo ya kwanza ikajaa. Mimi nikashindwa kujizuia.

"Mama, uliniambia ninyamaze. Nimenyamaza. Sasa mwanao ananifukuza."

Mikono yake ikasimama. Akachovya kidole kwenye mso, akaonja.

"Ongeza msesewe," akasema. Msesewe ni lile gamba la mti tunalotia kuleta uchungu. "Wakubwa wanapenda chungu."

Nilikaribia kumwaga pipa zima pale chini. Mimi naongelea maisha yangu, yeye anaongelea msesewe! Nikaongeza, tena nikaongeza kwa hasira, konzi mbili zaidi ya kawaida yangu. Akatikisa kichwa, akashika mkongojo, akaenda zake.

Wakaja. Huku kwetu Desemba hakuna asiyepanda kurudi nyumbani, kwa hiyo walikuwepo wa Dar na magari yao, wa Arusha, na wa hapa hapa. Wanaume kwenye mabenchi uani, wanawake nyuma karibu na jiko. Meku Yohana, ndivyo tunavyomwita mzee, mdogo wa marehemu baba mkwe na mkubwa wa ukoo, akakaa katikati na fimbo yake. Nikapita nikiwasalimia wakubwa, shikamoo, shikamoo, na kila mmoja akaitikia marahaba huku ananikwepa macho. Kornel alikuwa amevaa koti la harusi yetu. Lile lile! Sijui alifikiria nini.

Meku Yohana akasali. Akasema, "Maneno ni mazito, tulainishe koo kwanza. Mama Violet, lete."

Nikachota kata ya kwanza, imejaa, povu linameremeta. Nikasimama mbele yao. Nikaipeleka mdomoni. Wote wakanitazama. Nikaishusha.

"Sionji," nikasema.

Meku Yohana akadhani hajasikia. "Unasema?"

"Nasema sionji, Meku. Na mnajua nisipoonja mimi hakuna anayekunywa. Mtanisikiliza kwanza. Nikimaliza, kama mtakuwa bado mnataka kunirudisha Uru, nitaonja, mtakunywa, na nitaondoka kwa miguu yangu."

"Mama Violet, usiniaibishe," Kornel akasema kwa sauti ya chini.

"Aibu umeipika wewe. Mimi naipakua tu."

Nikaweka kata juu ya meza. Nikatoa bahasha ya kaki niliyokuwa nimeifunga kiunoni, nikamwaga vilivyomo: kadi ya kliniki, boksi la dawa, ile krimu. "Mtu wangu wa mjini ndiye huyu hapa," nikasema. "Mtazameni vizuri. Nimekoma hedhi."

Hee! Mngewaona. Wanaume wazima wa ndevu, wengine wana digrii, wanatafuta kitu chini kwenye vumbi. Mmoja akaanza kukohoa. Nikasema tena kwa sauti zaidi, maana nilikuwa nimeanza kuona utamu wake. "Nimekoma hedhi. Mwaka mzima nimewaka moto nikatibiwa malaria. Nimeumia kitandani nikaona aibu kusema. Jumanne zote mlizonihesabia nilikuwa kwa daktari. Denis!"

"Naam, shemeji."

"Yule mwanaume wa getini Soweto ni mume wa Pamela binamu yangu. Pamela ni nesi. Kesho nenda kawasalimie, uwaulize ulichotakiwa kuniuliza mimi."

Denis akatazama viatu vyake. Nikamgeukia Kornel.

"Baba Violet. Nilikaa mbele yako nikakuambia daktari anatuita wote wawili. Ulinijibu nini?"

Akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Waambie wakubwa. Ulinijibu nini?"

"Nilisema mimi siumwi."

Meku Yohana akagonga fimbo chini. "Basi, basi! Haya ni mambo ya wanawake. Si mambo ya kikao."

"Kunifukuza ni mambo ya kikao," nikamwambia, "lakini sababu yake siyo?"

Na hapo, kutoka nyuma kwa wanawake, nikasikia mkongojo. Bibi Dominika alikuwa anakuja mbele, polepole, watu wanampisha. Nilidhani anakuja kuninyamazisha mara ya pili.

"Kornel," akasema.

"Naam, mama."

"Mwaka ulipomaliza darasa la saba, nani alikuwa anakupikia?"

Kornel akashangaa. "Shangazi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikwenda kwenu, kumuuguza bibi."

"Bibi yako hakuwa na hata mafua." Akaegemea mkongojo kwa mikono miwili. "Baba yako alinirudisha. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, nimekauka, nawaka, nalia ovyo. Nilimweleza. Nilidhani mume ni mtu wa kuelezwa. Akaitisha kikao kwenye ua huu huu, na mbege nilipika mimi."

Mama mmoja nyuma akaguna, "Yesu na Maria."

"Miezi kumi na minane," akaendelea Bibi. "Denis alikuwa darasa la pili, niliporudi aliniamkia kama mgeni. Na baba yenu alikuja kunichukua kwa sababu ng'ombe walikosa wa kuwakatia majani. Pole hakunipa. Isale la kuniomba radhi hakuniletea, mpaka tunamzika." Kisha akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu. "Nilikuambia nyamaza kwa sababu mimi nilisema, nikafukuzwa."

Mimi niliyemchukia jana yake juu ya mso nilitamani ardhi inimeze.

Hakuwa amemaliza. Akageuza shingo. "Yohana, ulikuwepo. Ulikaa benchi hilo. Ulikunywa."

Meku Yohana alikuwa anaiangalia fimbo yake.

Kornel akasimama. Akatoka uani, akashuka mpaka kwenye mpaka wa kihamba ambako masale yameota kwa mstari, na sote tukamwona anakata. Ambao si wa huku niwaeleze: isale ni jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa limefungwa fundo, hukatai. Mtu aliyeuliwa mtoto hawezi kulikataa, sembuse mke. Akarudi na jani moja, fundo limefungwa vibaya kwa haraka, akaja moja kwa moja mbele yangu.

Nililitazama. Niseme ukweli, nilitaka kumchapa nalo usoni.

"La kwanza si langu," nikamwambia. "Mpelekee mama. Ni deni la baba yako."

Akabaki amesimama katikati yetu, mtu wa miaka hamsini ndani ya koti la harusi. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake, akalinyoosha kwa mikono miwili. Bibi Dominika alilipokea. Akalikunja, akaliweka kifuani ndani ya kitenge, mahali anapowekaga rozari yake.

Kornel akarudi kwenye masale akakata la pili. Hilo nikalipokea. Nimelipokea kwa sababu haliwezi kukataliwa, msinielewe vibaya, hasira ninayo na nitakuwa nayo kwa muda. Nikamwambia mbele yao wote, "Jumanne, saa mbili asubuhi, kliniki. Kwenye benchi, na wajawazito."

"Nitakuja," akasema.

"Sijakusikia."

"Nitakuja, Mektrida."

Miaka mingi hajaniita jina langu. Nikachukua kata pale mezani. Nikaonja. Ilikuwa kali, ule msesewe wa hasira umeshika kisawasawa. Meku Yohana akanyoosha mkono kupokea, kama ilivyo desturi, mkubwa baada ya mpikaji. Nikampita. Nikampa Bibi Dominika.

Akanywa. Hakuonja, alikunywa, yote, taratibu, ukoo mzima umekaa na koo kavu unamsubiri. Alipomaliza akafuta midomo kwa upande wa kitenge, akamwangalia Meku Yohana.

"Ni chungu," akasema. "Wape sasa."